Kumteremsha Mtu wa Kutus

Nilipojiandikisha kujifunza kupanda miti kwa kamba nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na nilikuwa nimeshaacha kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa cherehani, mjini Nyeri. Nilishona sare za shule kwa miaka miwili, hadi asubuhi moja nikainuka nikiwa katikati ya kushona mfuko wa shati, nikachukua sweta yangu nikaenda zangu. Ya pili ilikuwa duka la dawa za mifugo. Ya tatu ilikuwa upagazi Naro Moru, kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, na hiyo angalau ilinipa ruhusa ya kutembea. Lakini mvua ndefu zikianza wageni hupungua, mpagazi hukaa kwenye baraza akingoja, na kungoja ni kitu ambacho sijawahi kukiweza. Mama yangu anaishi Giakanja, kwenye ploti ileile aliyoolewa akaikuta. Ana neno lake la Kikuyu kwa watu kama mimi. Kwa Kiswahili tungesema kiguu na njia. Hakuwa akinitania.

Tangazo la mafunzo nililiona limebandikwa kwenye mlango wa duka la vyuma. Lilisema ni siku kumi, katika shamba moja huko huko Giakanja, na kwamba mtu atafundishwa kupanda mti, kuukata akiwa juu, na kumteremsha mwenzake akiumia. Hilo la mwisho silikumbuki kama lilinigusa wakati ule. Nilichoona ni neno kupanda.

Tulikuwa wanafunzi saba, mwanamke peke yangu. Mwalimu alikuwa mzee wa Tetu aliyefanya kazi ya miti ng'ambo kwa miaka mingi, akarudi nyumbani na mgongo uliopinda kidogo na masanduku mawili ya kamba. Alikuwa akiongea polepole hivi kwamba ungeweza kumalizia sentensi yake kichwani, ukaanza kuchoka, ndipo yeye aifikie nukta. Asubuhi ya kwanza hakutupa hata kamba moja. Alitupeleka chini ya mkaratusi mkubwa akatuambia tukae kwenye nyasi.

"Mniambie huu mti uko na shida gani," akasema, akafungua mkebe wake akaanza kula nduma.

Niliutazama mti. Ulikuwa mti. Baada ya dakika moja nilikuwa nimemaliza, na zilizobaki nilizitumia kung'oa nyasi na kuzifunga mafundo. Aliyeendelea kutazama mpaka chai ikaletwa ni mwanaume mmoja wa kutoka Kutus, mnene kidogo, miaka arobaini na kitu, aliyekuwa amepasua mbao maisha yake yote akiwa chini na sasa alitaka kujifunza kazi ya juu. Alikuwa amezunguka mti mara tatu. Alimwonyesha mwalimu uyoga kwenye shina karibu na udongo, ufa kwenye panda ya kwanza, na tawi kavu lililonasa juu kabisa, likingoja mtu wa kumwangukia.

"Huyu ataishi," mwalimu akasema, akatutazama sisi wengine.

Siku ya pili tulijifunza mafundo. Kuna moja ambalo kazi yote inalitegemea. Unaizungusha kamba fupi kwenye kamba kubwa unayoning'inia. Ukilibebesha uzito wako linauma kamba na kukushika, ukilisukuma kwa vidole linateleza. Kwa hilo unapanda, na kwa hilo unashuka. Vidole vyangu vilikuwa vya mshonaji, nililishika upesi kuliko wote. Siku ya tatu nilikuwa juu ya mkaratusi ule, nimefungwa mkanda mpana wa kiunoni na mapajani, kofia ngumu kichwani, nikiona mabati ya Giakanja yote na kamba ya nguo ya mama yangu ikiwa na shuka mbili za bluu. Nilisogea kutoka tawi hadi tawi. Nilijua kwamba nimepata kazi ambayo sitainuka katikati yake, kwa sababu katika kazi hii kuinuka ndiyo kazi yenyewe. Nilicheka peke yangu huko juu. Mwalimu alinisikia.

Kisha yakaja masomo ya kuokoa.

Tulikuwa na mtu wa bandia, ovaroli kuukuu iliyojazwa mchanga na matambara, tukampa jina Mgonjwa. Alikuwa na uzito wa mwanaume mzima. Mwalimu alimpandisha kwa kamba akamning'iniza juu ya mgrevilia kana kwamba amezimia akiwa kazini, akatuambia tumteremshe mmoja mmoja.

"Mtu akiumia huko juu," alisema, "dakika ya kwanza si ya kupanda. Ni ya kuangalia. Waya ya stima iko karibu? Tawi gani imekatika nusu? Yeye anasikia? Nani anaenda kutafuta gari? Ukishajua hiyo yote, sasa panda."

Zamu yangu ilipofika nilikimbia. Nilishika kamba ya pili, ile ambayo huachwa imeshatundikwa mtini kwa ajili ya mwokoaji, na nilikuwa nimepanda nusu ya mti kabla hajamaliza kusema anza.

"Shuka," akasema. "Umekufa."

"Nimekufa aje, mwalimu?"

"Angalia juu ya kichwa yako."

Juu yangu kulikuwa na tawi alilolikata nusu mapema, akalishikilia kwa uzi tu. Sikuwa nimeliona. "Sasa niko na wagonjwa wawili," mwalimu akawaambia wenzangu, "na wa kuwasaidia hakuna."

Jioni ile nilitembea hadi mjini na kurudi, kwa sababu sikuweza kukaa jikoni kwa mama. Kesho yake nilirudia. Safari hii niliangalia juu, nikaangalia pembeni, nikaita "Unanisikia?" kama tulivyofundishwa, nikapanda vizuri, nikamfikia Mgonjwa. Kinachotakiwa hapo ni kumfunga kwanza kwenye mkanda wako kwa ugwe mfupi, kuvuta uone kwamba uzito wake umeshikwa, ndipo umfungue kwenye kamba yake. Mimi nilimfungua kwanza. Sijui kwa nini. Mikono yangu ilikuwa imeshafika hatua ya mbele kabla ya mimi kufika.

Alianguka kimya. Wenzangu walikuwa wameanza kucheka, halafu akagonga ardhi, na kile kishindo kikawafunga midomo. Ovaroli ilipasuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Mwalimu alinisubiri nishuke, akanipa sindano na uzi wa gunia.

"Shona," akasema.

Nilikaa chini ya mti nikamshona Mgonjwa mchana kutwa huku wengine wakipanda. Mtu wa Kutus alifaulu mara ya kwanza, taratibu kama anayefunga geti. Aliposhuka alikuja akakaa karibu nami.

"Dada," akaniambia, "mimi huongea na mikono yangu. Naiambia, sasa fanya hii. Ikimaliza, naiambia ingine. Hiyo ndiyo siri yote niko nayo."

Nilifaulu mara ya tatu, nikisema kila kitu kwa sauti kama mwendawazimu. Siku ya mwisho mwalimu alinipa cheti, akanishikilia mkono kidogo. "Umepita," akasema. "Lakini ingekuwa ni mimi naamua peke yangu, ningekungojesha mwaka moja."

Ni mtu wa Kutus aliyetaka tufanye kazi pamoja. "Wewe uko na mwendo, mimi niko na macho," alisema. Tukawa tunapokea kazi Karatina, Nanyuki, mjini Nyeri: miti iliyolalia mapaa, matawi yaliyokuwa juu ya vyumba vya watoto, minyanya iliyonyimwa jua na mgrevilia wa jirani. Mmoja hupanda, mwingine hubaki chini akiongoza kamba na kuangalia. Alipokuwa juu alikuwa akiimba nyimbo za kanisani chini chini, na nilijua mahali alipo kwa wimbo tu, hata majani yakimficha. Kabla ya kila kazi alitundika kamba ya pili. Hata mti ungekuwa mfupi namna gani. Hurusha kifuko kidogo chenye uzito kilichofungwa uzi, kikapita juu ya tawi, akavuta kamba nyuma yake. Kikikosa, anarusha tena. Mimi huku nimeshafunga mkanda, nimeshawasha na kuzima msumeno, nimeshazunguka kiwanja. Tulifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Siku ile tulikuwa kwenye boma moja mjini Nyeri, sehemu ya juu, kwa mti mzee wa saiprasi uliokuwa ukiinamia nyumba. Mwenye boma hakuwepo. Alikuwepo mlinzi, mzee Mwislamu wa kofia nyeupe, aliyetuletea viti viwili ambavyo hatukuvihitaji. Ilikuwa zamu ya mwenzangu kupanda. Mchana tulitakiwa Karatina, na upande wa Nyandarua wingu lilikuwa limeanza kushuka.

Kifuko kilikosa tawi mara nne.

"Wacha hiyo," nilimwambia. "Tutachelewa."

Akarusha mara ya tano, kikapita. Akaivuta kamba ya pili hadi ikakaa sawa, akaifunga mwisho wake kwenye shina, ndipo akapanda kwa yake. Mimi nilivua mkanda wangu kwa sababu ulikuwa ukinibana nikitembea. Anayebaki chini hatakiwi kuuvua. Nilikuwa najua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Alikuwa mzito zaidi ya kawaida siku hiyo, au mimi nilikuwa mwepesi zaidi. Nilikuwa nikienda ukutani na kurudi. Kila nikifika chini ya mti nilikuwa na neno.

"Nenda kwa hiyo ingine, bwana! Mvua hiyo!"

"Naiona."

"Basi harakisha! Ati unangoja nini?"

Baada ya hapo sikusikia wimbo tena. Nilifika ukutani nikageuka. Nilimwona amejinyoosha kufikia tawi la pembeni, mkono wa kushoto umeshika tawi, wa kulia peke yake umebeba msumeno wa petroli. Msumeno ule haushikwi kwa mkono mmoja. Ni somo la siku ya nne. Nilifungua mdomo. Mpaka leo sijui kama nilitaka kusema mikono miwili au nilitaka kusema haraka, kwa sababu msumeno uliruka kabla sijasema lolote, ukazimika, ukabaki unaning'inia kwenye kamba yake.

Akasema, "Ai." Hivyo tu, kama mtu aliyeangusha kijiko. Kisha damu ikaanza kuteremka kwenye gamba la mti.

Nilisimama. Nasema hili kwa sababu ndilo ninaloweza kulisema bila aibu. Niliangalia nyaya za stima, zilikuwa mbali, ng'ambo ya barabara. Niliangalia tawi alilokuwa akilikata, limeinama lakini upande usio wake wala wangu.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Bana hiyo mkono kwa kifua. Bana kabisa. Usifungue kitu yoyote."

"Sifungui."

Nilimgeukia mlinzi, aliyekuwa amesimama na mikono kichwani. "Mzee, tafuta gari. Usirudi bila gari."

"Nimesikia, binti yangu," akasema, akatoka getini akikimbia na kandambili zake.

Mkanda wangu ulikuwa kwenye kiti. Nilirudi kuuchukua, nikaufunga kiunoni, paja moja, paja la pili, nikavuta kila kifungo mara mbili. Muda wote huo alikuwa juu akivuja damu, na kila kifungo kilikuwa muda niliouiba mimi. Nikajifunga kwenye kamba ya pili. Nikapanda. Sikukimbia. Niliiambia mikono: sukuma fundo. Kaa. Inua miguu. Sukuma fundo.

Nilimfikia nikapita juu yake kidogo, nikashuka hadi tukawa bega kwa bega. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Jeraha lilikuwa kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na ndani yake niliona kitu cheupe. Nikatoa bandeji pana kwenye mfuko wa mkanda wangu nikaigandamiza, nikaizungusha kwa nguvu hadi akalia.

"Pole. Nihesabie watoto wako. Nani wa kwanza?"

Akawataja wote watatu, kwa mpangilio, na madarasa yao. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilipitisha ugwe mfupi kutoka kwangu hadi kwenye pete ya mkanda wake, nikafunga kufuli ya kulabu iliyo mwisho wa ugwe, nikaivuta. Nikajishusha kidogo, nikahisi uzito wake ukija kwangu, ukinikata kiunoni. Mkono wangu ulienda kwenye kulabu yake yeye, ile iliyomshika kwenye mti, ukasimama hapo.

Nikasema kwa sauti, "Yeye amefungwa kwangu. Mimi nimefungwa kwa mti. Sasa namfungua."

"Fungua," akasema.

Nikamfungua. Alishuka labda upana wa kiganja, akakaa. Tulining'inia wawili kwenye kamba moja, kofia yake imelala begani pangu. Nikaanza kulisukuma fundo, kidogo kidogo. Matawi yalitukwaruza. Nilimgeuza mgongo wake utazame nje ili mkono usigonge shina. Katikati ya mti akafungua macho.

"Polepole," akaniambia.

"Ndiyo, mzee. Polepole."

Miguu yake ilipogusa udongo mlinzi alikuwa ameshaleta pikapu ya jirani, na dereva alikuwa ameshafungua mlango. Tulimlaza nyuma, mkono nimeuinua mimi, mlinzi akisoma dua upande wa miguu. Hospitalini walimchukua, wakanitoa nje. Nilitembea kwenye ile njia ya wodi, nikatoka uani, nikarudi, nikatoka tena. Saa kumi nilikumbuka mvua. Anga lilikuwa jeupe. Haikunyesha siku ile, wala siku iliyofuata.

Mkono waliuokoa. Vidole viwili, cha mwisho na cha kabla yake, havifungi tena. Habari zilienea haraka, na watu wa miti, ambao ni wachache na wanajuana, walinipigia simu kunipongeza. Mwalimu alikuja hadi Giakanja kwa mama. Alitaka nimweleze hatua kwa hatua, nami nikamweleza, na kila hatua aliitikia kwa kichwa taratibu. Akauliza, "Na kwa nini alishika msumeno na mkono moja? Huyo si mtu wa kufanya hivyo."

"Sijui," nikasema.

Mama alikuwa akimenya viazi. Akainua macho, akaniangalia, akayarudisha kwenye viazi.

Baada ya hapo sikuweza kukaa popote. Nilikuwa natoka asubuhi nikitembea hadi mjini, nikifika narudi. Niliombwa kazi mbili za miti nikazikataa. Mama aliweka kiti mlangoni akasema, "Kaa hapa. Kaa tu, usifanye kitu." Nilikaa mpaka aliposhika sufuria, nikaondoka. Nilipungua hadi sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Kila aliyenisifu alinifanya nitake kukimbia.

Mwezi wa pili baada ya ajali nikaenda Kutus.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, na mkewe, wamekaa kwenye mikebe iliyogeuzwa, wakijaza udongo kwenye vifuko vyeusi vya miche. Walikuwa wameanzisha kitalu. Alikuwa akishika kifuko kwa mkono mzima na kukibana kwa ule mwingine kifuani. Alifurahi kuniona. Mkewe aliitikia salamu akaendelea na udongo.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini nilisema moja tu. "Ni mimi nilikuharakisha."

"Dada, hiyo mkono niliinyosha mimi."

"Nilikuwa nakupigia kelele."

Akaweka kifuko chini. "Ndiyo, ulikuwa unanisumbua. Tangu kazi ya kwanza ulikuwa unanisumbua. Siku zingine sikukusikiza." Akafikiri, kama alivyokuwa akifikiri kila mara, mpaka amalize. "Hiyo siku nilikusikiza. Hiyo ni yangu. Na ulikuja kunichukua. Hiyo ni yako."

Mkewe ndiye aliyeacha kazi. Alijifuta mikono kwenye leso akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Ulikuwa unasema nini?" akauliza. "Huko chini. Maneno yenyewe."

Mumewe akamwambia aache. Hakuacha. Nikamwambia maneno yenyewe: nenda kwa hiyo ingine, mvua hiyo, basi harakisha, ati unangoja nini. Yalitoka moja moja. Yalikuwa madogo sana pale uani, kati ya miche.

Akayasikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Yeye hakuniambia. Kila siku nilikuwa namuuliza, anasema alichoka tu. Sasa nimejua." Akachota udongo, akajaza kifuko, akakigonga chini mara mbili kishikane. Hakunifukuza, na hakuniambia karibu tena. Tulikunywa chai. Mwenzangu alinionyesha miche ya mwerezi, urefu wa kidole, akanieleza ipi itaishi na ipi haitaishi. Kisha nikaaga.

Nilipofika steji ya matatu sikusimama. Makanga aliniita, nikampita. Nilishika barabara ya Kerugoya kwa miguu, na nilipokuwa nimeacha maduka nyuma nikatoa simu nikampigia mwalimu. Nikamwambia kwa nini mtu yule alitumia mkono mmoja. Nikamwambia na mkanda niliouvua.



"Umepanda mti wowote tangu hiyo siku?" akauliza.

"Hapana."

"Basi usipande mpaka nikuone," akasema. "Na usije mbio. Kuja tu."

Akakata. Niliendelea kutembea. Magari yalinipita, mengine yakipunguza mwendo kuona kama nataka kubebwa, nami nikiwapungia mkono waendelee. Kerugoya nilifika jua likiwa bado juu, miguu imejaa vumbi, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya huko, niliingia hotelini nikaagiza chai, nikaketi.